Karatasi ya Mlima Fuji ni ya Nani?



Mwezi Machi 2023, katika mnada wa Christie's jijini New York, karatasi moja ndogo kuliko ukurasa wa gazeti iliuzwa kwa dola 2,760,000. Wenye mnada wenyewe walikuwa wamekisia kwamba ingefika laki tano, ikizidi sana laki saba. Karatasi hiyo ilichapishwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1830, katika mji wa Edo ambao leo tunauita Tokyo. Siku ilipotoka kwa mchapaji ikiwa mbichi, rangi zake zikiwa hai, mtu aliweza kuipata kwa pesa ambazo zingemtosha kula bakuli moja la tambi, labda mawili.

Nataka tuliangalie jambo hili kwa utulivu, kwa sababu nimeona wenzetu wakilitia haraka katika kapu la israfu na kuendelea na mazungumzo mengine. Huenda hilo ndilo kapu lake. Lakini mtu hawezi kuhukumu biashara kabla ya kujua ni kitu gani kimeuzwa, na hapa ndipo mimi nilipokwama kwa muda mrefu. Je, yule mnunuzi alinunua nini? Wino haukuongezeka kwa miaka mia mbili, umechujuka. Karatasi haikukua, imezeeka na kupata madoa. Mlima uliochorwa uko palepale, na kuutazama ni bure.

Picha yenyewe ni ya Katsushika Hokusai, aliyezaliwa 1760 na kufariki 1849. Ni moja ya mfululizo unaoitwa Mandhari Thelathini na Sita ya Mlima Fuji, ingawa ukizihesabu utazikuta arobaini na sita, maana watu walizipenda hata mwenye duka akaagiza kumi za nyongeza. Hii ya milioni mbili na ushei mnaijua hata kama hamkuwahi kusikia jina la mchoraji: wimbi kubwa la buluu lenye povu kama makucha, mashua tatu zimejikunja chini yake, na kwa mbali kabisa, ndani ya shimo la maji, kilima kidogo chenye theluji kichwani. Kile kidogo ndicho Fuji, mlima wa mita 3,776, mrefu kuliko yote ya Japani. Picha hiyo imeshachapwa juu ya fulana, vikombe na makava ya simu dunia nzima. (Na kwa ndugu atakayeuliza hukumu ya picha: masuala ya viumbe wenye roho yana mlango wake na wanachuoni wake. Mimi hapa nazungumzia milima, na mjadala wangu ni wa thamani.)

Sasa angalia jinsi ilivyotengenezwa, kwa sababu ndani ya utengenezaji ndimo swali linamoanza kuuma.

Hokusai alichora kwa brashi kwenye karatasi nyembamba. Karatasi ile ikapelekwa kwa mchongaji, naye akaibandika kwa gundi juu ya ubao wa mti wa cheri, uso wa picha ukilala chini ili mistari ionekane kinyumenyume. Kisha akaanza kuchonga akipita katikati ya karatasi yenyewe: penye mstari akaacha, pasipo na mstari akaondoa mbao. Alipomaliza, mchoro wa Hokusai ulikuwa umekwisha. Umegeuka takataka za mbao chini ya miguu ya mchongaji. Kilichobaki ni ubao wenye mistari iliyoinuka. Kutoka ubao huo zikapigwa chapa za majaribio, rangi zikapangwa, na kila rangi ikachongewa ubao wake. Halafu akaja mchapaji. Yeye hulowesha karatasi kidogo, hupaka rangi juu ya ubao kwa brashi, huilaza karatasi akiilinganisha na alama mbili zilizochongwa pembeni, kisha husugua mgongo wake kwa kisuguo cha duara kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Anarudia kwa kila ubao. Pale ambapo anga inaanza buluu iliyokoza na kufifia taratibu kuwa nyeupe, ujue mtu aliifuta ile rangi kwa mkono juu ya ubao, upya, kwa kila nakala. Ndiyo maana huwezi kupata mbili zinazofanana sawasawa.

Karatasi hutoka katika gome la ndani la mti uitwao kozo. Nikiwa mwanafunzi wa Kampala siwezi kupita hapo bila kusimama, kwa sababu mti huo ni wa ukoo mmoja na mutuba wetu, ule unaotoa kitambaa cha gome, lubugo. Nao hubanduliwa, nao hupondwa. Wajapani walifika kwenye karatasi, Baganda wakafika kwenye vazi la mfalme na sanda ya maiti.

Nirudi kwenye hoja. Juu ya watu hao watatu alikuwepo wa nne, mwenye mtaji. Kwa mfululizo huu alikuwa Nishimuraya Yohachi. Ndiye aliyetoa fedha, ndiye aliyemiliki mbao zilizochongwa, na kumiliki mbao ndiko kulikokuwa kumiliki haki. Mchoraji alilipwa kwa mchoro, basi. Hokusai wakati huo alikuwa na umri wa miaka sabini na dhiki ya fedha, sehemu kwa sababu ya madeni ya mjukuu wake. Jina lake liko kwenye karatasi. La mchongaji halipo. La mchapaji halipo.

Umeona ugumu ulipo? Tumezoea kusema kitu hiki ni asili na kile ni nakala, kisha tukaipa asili heshima. Hapa asili iliangamia ili nakala zizaliwe. Karatasi pekee iliyoguswa na brashi ya Hokusai iliishia kwenye vumbi la mbao, na kila kitu kilichouzwa tangu siku ile, dukani Edo au mnadani New York, ni nakala. Wataalamu wanakadiria kwamba za wimbi lile zilichapwa elfu kadhaa. Zinazojulikana leo kuwa zimebaki zinazidi mia moja kidogo tu.

Na si hayo tu. Mjini Tokyo leo ipo karakana ya Adachi ambayo huchonga mbao mpya za picha hizohizo na kuzichapa kwa njia ileile: cheri, kozo, kisuguo cha mwanzi. Karatasi yao inayotoka leo ina buluu iliyosimama na anga safi. Kwa macho yangu, picha yao iko karibu zaidi na kile alichokiona mnunuzi wa Edo kuliko karatasi kongwe iliyopauka. Na bei yake ni chembe tu ya ile ya mnadani. Basi kama watu wangekuwa wanalipia uzuri, au ustadi wa mkono, karatasi mpya ingeishinda ya zamani. Haiishindi. Haikaribii.

Wakusanyaji hawatazami picha kama mimi na wewe. Huinama juu yake na kioo cha kukuzia wakitafuta makosa. Mstari wa fremu inayozunguka jina la picha umekatika wapi? Ubao huchakaa kadiri unavyochapwa, mistari myembamba huvunjika, kwa hiyo mwanya mdogo kwenye fremu unakuambia kama karatasi hii ilitoka mwanzoni au mwishoni. Nyuma ya wimbi, angani, kulikuwa na wingu hafifu sana. Je, bado linaonekana, au mwanga umelila? Mistari ni ya buluu au nyeusi? Zile thelathini na sita za mwanzo zilichapwa mistari yake kwa buluu, rangi mpya iliyoingia kutoka nje wakati huo, na zile kumi za nyongeza zikachapwa kwa wino mweusi.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa picha nyingine katika mfululizo huohuo, ile ya mlima peke yake asubuhi ya upepo mwanana, ambayo dunia nzima inaiita Fuji Nyekundu. Chapa zake za mwanzo kabisa hazikuwa na ule wekundu mkali. Zilikuwa laini, mlima umepauka kama waridi, mwanga ndio kwanza unagusa. Wekundu ulikolezwa katika chapa za baadaye. Kwa hiyo picha tunayoipenda sote ni ile ambayo mkusanyaji mwenye fedha anaiweka daraja la pili, na anayoitafuta yeye ni ile ambayo wengi wetu tungeipita tukidhani imepigwa jua.

Anachonunua, basi, ni kunusurika. Analipia ukweli kwamba kitu hiki, kilichokuwa rahisi kama gazeti, kilipita kwenye moto, panya, unyevu, watoto na mwanga wa dirisha kwa karne mbili, na hakikufa. Na hapa kuna jambo la ajabu ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: thamani hiyo haikujengwa na waliozitunza peke yao. Imejengwa pia na maelfu waliozitupa. Kama kila mama wa nyumbani wa Edo angeiweka yake sandukuni, leo tungezipata kwa bei ya kitabu. Inasimuliwa kwamba baadhi ya picha za Kijapani zilifika Ulaya zikiwa karatasi za kufungia vyombo vya udongo. Iwe kweli au kisa cha kunogesha, inaonyesha zilivyochukuliwa. Wachoraji wa Ulaya ndio walioshtuka. Vincent van Gogh, ambaye mwenyewe hakuwa na kitu, alizikusanya kwa mamia pamoja na nduguye Theo kwa sababu zilikuwa rahisi, na Claude Monet akazijaza kuta za nyumba yake. Masikini alizinunua kwa kuwa alizipenda, leo tajiri anazinunua kwa kuwa masikini hakuzitunza zote.

Wakati mwingine aliyezitupa si mtu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mchapishaji Watanabe Shozaburo alifufua kazi hii ya mbao akishirikiana na wachoraji wapya, akiwemo Kawase Hasui, mtu wa mvua, theluji na maziwa yaliyo chini ya Fuji. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliteketeza Tokyo na Yokohama, na zaidi ya watu laki moja walikufa. Duka la Watanabe liliungua, mbao zikaungua, akiba ya picha ikaungua, na Hasui akapoteza vitabu vyake vya michoro karibu mia mbili. Fungua leo orodha ya mnada na utakuta maneno haya yameandikwa kama sifa ya bidhaa: kabla ya tetemeko. Maana yake, lipa zaidi. Sisemi mnunuzi ana dhambi. Hakuwasha moto yeye. Lakini mimi nikisoma maneno hayo husita kidogo, kama mtu aliyesikia muuza matunda akiisifu ndizi yake kwa kuwa shamba la jirani limekumbwa na mafuriko.

Mwingine wa zama hizo ni Yoshida Hiroshi, mpanda milima aliyelala vileleni ili auone mwanga wa alfajiri akiwa huko juu. Alisimamia uchapaji wake mwenyewe, na kwenye ukingo wa karatasi alizoziridhia akaweka muhuri unaosema jizuri, yaani chapa ya nafsi yangu. Baada ya kufa kwake mwaka 1950 familia iliendelea kuchapa kwa mbao zake, bila muhuri huo. Mbao zilezile, mlima uleule, na alama ndogo mbili za maandishi zinaigeuza bei mara kadhaa. (Kwa faida ya wasomaji wetu: huyu alisafiri pia India, na mwaka 1931 akatoa chapa ya Fatehpur Sikri, mji wa Akbar, mwanga wa dhahabu ukipenya kwenye kiambaza cha mawe kilichotobolewa. Itafuteni.)

Kuna wanaosema kwamba mfumo wote huu ni dhulma, kwa kuwa mchongaji alikufa na ujira mdogo na leo watu wanaogelea katika milioni. Sikubaliani nao kwa namna wanavyoliweka. Fedha ya 2023 haikutolewa mfukoni mwa mchongaji wa 1831. Yeye aliuza kazi yake kwa bei ya soko lake, na kama alipunjwa alipunjwa siku ile, na Nishimuraya ndiye wa kuulizwa. Dhulma ninayoiona mimi ni nyepesi kwa uzito lakini imedumu zaidi: hata sasa, orodha za mnada zikiandika kurasa nzima juu ya ubora wa mstari, mstari ule unaitwa wa Hokusai. Haukuwa wake peke yake. Unene wa nywele wa povu lile ulikuwa kwenye ncha ya kisu cha mtu mwingine.

Kuhusu biashara yenyewe, hatuhitaji kubuni sheria mpya. Sheria yetu inakataza mtu kupandisha bei mnadani bila nia ya kununua, na inamtaka muuzaji aonyeshe aibu ya bidhaa. Soko la picha hizi limewahi kuonja matokeo ya kupuuza hilo la pili. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo mashuhuri wa Marekani, alikuwa pia mfanyabiashara mkubwa wa chapa za Kijapani, na kuna miaka ambayo biashara hiyo ilimlisha kuliko majengo. Karibu na mwaka 1920 iligundulika kwamba baadhi ya alizowauzia wakusanyaji wa Marekani zilikuwa zimefufuliwa kwa siri huko Japani: rangi iliyochujuka imepakwa upya ili ionekane kama ya mwanzo. Wanunuzi walidai haki zao naye akawafidia kutoka katika mkusanyiko wake mwenyewe. Tazama kilichowaudhi. Picha zile baada ya kupakwa zilikuwa nzuri zaidi kwa macho. Waliudhika kwa sababu walinunua kunusurika, wakapewa uzuri.

Kisha liko suala la nia, na hili wenzetu wa kitivo cha biashara walitazame vizuri. Mtu akinunua karatasi ya Fuji aitundike sebuleni kwake, wanachuoni wengi hawaoni zaka juu yake, ni kama zulia lake. Mtu akiinunua ileile kwa nia ya kuiuza bei ikipanda, imekuwa bidhaa ya biashara, na kila mwaka unapotimia anaithamini kwa bei ya soko na kutoa asilimia mbili na nusu. Karatasi moja, ukuta mmoja, na tofauti yote iko kifuani. Mimi nadhani kipimo hiki kinagusa palepale ambapo maneno makubwa juu ya sanaa hayafiki. Ukitaka kujua kama mkusanyaji anaipenda picha au anapenda tofauti ya bei, mwambie unamkadiria zaka.

Lakini kuna mkusanyiko mmoja ambao haukubali kuhukumiwa kwa urahisi hivyo, nao ndio hasa ulionifanya niandike. Ndugu wawili wa Boston, William na John Spaulding, walikusanya chapa za Kijapani karibu 6,500, nyingi zikiwa zimenunuliwa na huyohuyo Wright aliyetumwa Japani na fedha zao mwaka 1913. Ndani yake wamo Hokusai na Hiroshige. Mwaka 1921 waliutoa mkusanyiko wote kwa Makumbusho ya Sanaa ya Boston bila malipo. Wakaweka sharti moja: zisitundikwe kwenye maonyesho ya umma. Kamwe.

Sababu yao ilikuwa mwanga. Rangi nyingi za zamani zilitoka kwenye mimea, na mwanga huzila: buluu ya ua fulani la asubuhi hugeuka rangi ya mchanga, waridi la kartamu hutoweka. Makumbusho mengine huonyesha chapa zao kwa miezi michache kisha huzirudisha gizani kwa miaka. Akina Spaulding walifuata mantiki hiyo hadi mwisho. Na kwa kipimo cha lengo lao walifaulu. Karne imepita, na mkusanyiko ule ndio unaotajwa mtu akitaka kujua rangi za Edo zilikuwaje kabla ya kufifia. Watafiti huweza kuziona. Umma hapana.

Ninayeishi naye chumba kimoja hosteli, mwanafunzi wa sheria, aliposikia hili alicheka, kisha akakasirika. Alisema huo ni ubakhili uliovaa kanzu ya ukarimu. Zawadi ambayo mpokeaji haruhusiwi kuifungua si zawadi. Akasema picha hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa barabarani, zibandikwe, zichakae, zitupwe, na kwamba yule aliyeibandika jikoni mpaka moshi ukaimaliza aliitendea haki yake kuliko hao matajiri wawili, kwa kuwa aliitazama. Kitu cha kutazamwa kisichotazamwa, alisema, ni karatasi tu.

Nilimjibu, na bado nashikilia jibu langu, kwamba anasahau upande mmoja wa kesi. Mwanga ni wa kuliwa mara moja. Kila saa ambayo picha inakaa ukutani, waliomo ukumbini wanakula rangi ambayo mwingine hatakula tena. Haiko kama mlima, ambao ukiutazama wewe haupungui kwa atakayekuja baada yako. Sisi tulio hai tuna sauti, tuna pesa za kiingilio, tunaweza kulalamika. Ambaye hajazaliwa hana wakili. Ndugu wawili wale, kwa sharti lao gumu, walijifanya mawakili wake. Na hawakufaidika kwa lolote: wangeweza kuuza, hawakuuza. Katika habari nzima hii ya dola na minada, sharti lile ndilo tendo pekee ninaloweza kuliita amana bila kusita.

Yeye akaniuliza kama naelewa neno kamwe.

Nilielewa alikokuwa anakwenda. Kama umma wa 1921 haukuziona ili wa 2021 uzione, sawa, huo ni uwakili. Lakini wa 2021 nao hauzioni. Wa 2121 utaambiwa hivyohivyo. Kila kizazi kinafunga kwa ajili ya kizazi kijacho, na hakuna kinachofuturu. Kwa hoja hiyo wakili ana mteja ambaye hatazaliwa kamwe.

Hiyo ni hoja nzito na sitaipunguza uzito. Ninachoweza kusema ni kwamba mambo hayakwenda jinsi sharti lilivyotarajia. Waliopewa zawadi walizipiga picha zote, wakaziweka kwenye mtandao, na sharti la mwaka 1921 halikulikataza hilo kwa kuwa halikuweza kuliwaza. Usiku ule, na data iliyobaki, tulizifungua kwenye simu yake moja baada ya nyingine: milima ya Hakone ya Hiroshige yenye vipande vya rangi kama viraka vya kanga, Fuji likiwa nyuma ya msitu, Fuji likiwa ndani ya pipa lisilo na kitako. Rangi zilikuwa mpya kiasi cha kutia mashaka. Alinyamaza muda.

Halafu akasema kwamba kama hizi zinatutosha, na hizi ni nakala ya nakala, basi zile za gizani zinatunzwa kwa ajili gani. Na kama hazitutoshi, basi bado tumenyimwa. Tangu mwezi wa Julai 2024, noti ya Japani ya yeni 1,000 ina lile wimbi la Hokusai mgongoni, Fuji likiwa dogo palepale shimoni. Alinionyesha picha ya noti hiyo asubuhi yake tukielekea darasani, akaniuliza ile nayo ni nakala ya ngapi, na kwa nini hiyo hakuna anayetilia shaka bei yake.